Nasaba ya Siyu na Kipimo Kisichojibu Swali

Dai la kwamba baadhi ya wenyeji wa kisiwa cha Pate, kimojawapo cha visiwa vya Lamu nchini Kenya, ni wazao wa mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo chao karibu na mji wa kale wa Shanga katika karne ya 15 limepata umaarufu ambao madai mengine ya nasaba katika mwambao hayajaupata, kwa kuwa ndani yake mna kila kitu ambacho msikilizaji hupenda kukisikia: bahari, ajali, wageni wachache wanaojiokoa, wake wa kienyeji, na hatimaye maabara inayosemekana kuwa imethibitisha yote. Mwaka 1999 gazeti la New York Times lilichapisha katika jarida lake makala ndefu ya Nicholas Kristof, aliyefika Pate kuwatafuta wazao hao. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya amiri Zheng He, msichana mmoja wa mji wa Siyu, kisiwani Pate, alialikwa kwenye sherehe na kupewa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu, baada ya kutangazwa kwamba kipimo cha DNA, yaani kipimo cha vinasaba ambavyo mtu hurithi kwa wazazi wake, kilionyesha kuwa familia yake ina asili ya Kichina. Tangu hapo watu wengi wamelihesabu jambo hilo kuwa limekwisha. Halijakwisha, na anayesema hivyo hana haja ya kuwadharau watu wa Siyu wala kuwashuku Wachina, maana tatizo limo katika swali ambalo halikuulizwa sawasawa tangu mwanzo: kipimo kile kilikuwa kikipima nini?

Masimulizi yenyewe, kama yanavyosimuliwa kisiwani, ni mepesi kufuata. Merikebu iligonga mwamba, mabaharia wakaogelea hadi pwani ya Shanga, wenyeji wakawapa ruhusa ya kukaa baada ya wageni hao kumuua chatu aliyekuwa akiwasumbua, kisha wakasilimu, wakaoa, na Shanga ilipokufa wazao wao wakahamia Siyu. Upande wa pili wa habari hiyo upo katika historia ya nasaba ya Ming. Kati ya 1405 na 1433 Zheng He aliongoza safari saba katika Bahari ya Hindi, na kumbukumbu za safari hizo zinaitaja Mogadishu, zinaitaja Barawa, zinaitaja na Malindi, ambayo twiga wake alifikishwa mbele ya mfalme wa China mwaka 1415. Kwamba Wachina walifika katika bahari hii ni jambo lisilo na ubishi. Ugumu unaanza pale tukio lisilo na ubishi linapotumiwa kulibeba tukio jingine ambalo bado lina ubishi.

Kwa hakika, dai la Siyu likipasuliwa hutoka madai manne yaliyoshonwa pamoja kama mbao za mtepe. Dai la kwanza ni kwamba bidhaa za China zilifika katika visiwa vya Lamu. La pili, kwamba Wachina wenyewe walifika. La tatu, kwamba waliofika walikuwa wa msafara wa Zheng He na kwamba chombo chao kilizama hapo. La nne, kwamba walizaa, na uzao wao haujakatika hadi leo. Kila moja lina ushahidi wake unaolifaa, na ushahidi wa moja hauwezi kulilipia deni jingine. Hata hivyo, ukisoma yaliyoandikwa juu ya Pate kwa miaka thelathini hivi iliyopita, utaona jinsi ushahidi wa dai la kwanza, ambao ni mwingi na wa kweli, unavyosogezwa taratibu mpaka unaonekana kuwa ushahidi wa dai la nne.

Mfano ulio wazi ni vyombo vya kauri. Vigae vya kauri za Kichina vimepatikana Manda na Shanga katika tabaka za udongo za karne ya 9, na katika nyumba za mawe za Lamu na Pate sahani na bakuli za China zilipangwa katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani vinavyopamba ndani. Kule Mambrui, karibu na Malindi, bakuli za Ming zilichomekwa katika nguzo ya kaburi. Mgeni anayeviona vitu hivyo hushawishika kudhani kwamba aliyevileta alikuwa Mchina. Lakini mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung nchini Indonesia, ilipatikana merikebu iliyozama katika karne ya 9 ikiwa na shehena ya vyombo vipatavyo 60,000, vingi vikiwa bakuli zilizofinyangwa Changsha katika China. Na merikebu yenyewe ilikuwa ya muundo wa Kiarabu, mbao zake zikiwa zimeshonwa kwa kamba, kwa ufundi ambao fundi wa vyombo wa Lamu wa zamani angeutambua mara moja. Shehena ilikuwa ya Kichina na chombo hakikuwa cha Kichina. Bakuli husafiri kwa mikono mingi, kutoka Guangzhou hadi Siraf katika Uajemi, kutoka Siraf hadi Manda, na kila mkono unaoipokea huweza kuwa wa taifa jingine. Kwa hiyo kigae ni kipimo kizuri sana cha biashara na kipimo kibaya sana cha nasaba.

Hali ya sarafu haiko mbali na hiyo. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa China na Kenya waliokuwa wakichimba Mambrui walitangaza kupata sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala tangu 1402 hadi 1424, na mwaka 2013 msafara ulioongozwa na Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya, pamoja na Sloan Williams wa Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, ulitangaza kupata nyingine katika kisiwa cha Manda, yenye tundu la mraba katikati. Yongle ndiye aliyemtuma Zheng He, na magazeti hayakuchelewa kuunganisha. Hapa ndipo kanuni moja ya akiolojia inapofaa kuelezwa: sarafu iliyofukiwa katika tabaka la udongo hutoa tarehe ambayo tabaka hilo haliwezi kuitangulia, wala haitoi tarehe ambayo sarafu ilifika. Iliyotengenezwa 1410 huweza kufika pwani 1418 ndani ya merikebu ya Ming, na huweza pia kufika 1450 katika mkoba wa mfanyabiashara wa Hormuz aliyepewa chenji na mtu wa Kalikuti. Aidha, sarafu za China zilizopatikana katika pwani hii si za enzi ya Zheng He peke yake, kwani huko Kajengwa, Unguja, mwaka 1945 ilipatikana hazina ya sarafu nyingi za nasaba ya Song, iliyokwisha mwaka 1279. Sarafu ya Manda ni nzuri kwa mwanahistoria wa biashara. Kwa mtafuta mababu haisemi lolote.

Hoja ya jina la Shanga inaweza kupitiwa haraka zaidi, kwa sababu ni dhaifu zaidi ingawa ndiyo inayopendwa zaidi. Inasemekana kwamba Shanga ni Shanghai iliyofupishwa na mabaharia wenye kukumbuka kwao. Mwanaakiolojia Mark Horton, aliyeanza kuchimba magofu ya Shanga mwaka 1980 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1996, alionyesha kwamba watu waliishi mahali hapo tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15, na chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta mabaki ya misikiti ya awali iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa kwanza ukiwa wa miti. Mji huo, kwa hiyo, ulikaribia kuhamwa wakati ambapo wageni wa Ming wanasemekana kuupa jina, na Shanghai yenyewe ilipata hadhi ya makao ya wilaya mwishoni mwa karne ya 13 tu. Mfanano wa sauti kati ya majina mawili ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye ramani na saa moja ya faragha anaweza kulipata katika bara lolote.

Kuna pia kipimo cha macho, ambacho waandishi wengi wa kigeni wamekitumia bila ya kukiita kipimo. Mwandishi huingia Siyu au Faza akiwa tayari anajua anachokitafuta, huonyeshwa watu wachache wenye rangi nyepesi na kope zenye mkunjo, huwapiga picha, kisha huandika kwamba nyuso zinajieleza. Kasoro za njia hii ni mbili na zote ni nzito. Kwanza, mkunjo wa kope si mali ya Wachina peke yao, maana unapatikana kwa Wakhoisan wa kusini mwa Afrika, na visiwa vya Lamu vimepokea watu kutoka Uarabuni, Uajemi, India, Komoro, Bukini na bara kwa zaidi ya miaka elfu moja. Pili, na hili ndilo kubwa, mtazamaji aliwachagua aliowatazama. Hakuhesabu ni watu wangapi katika mitaa ile hawana sura hiyo, wala hakwenda Kizingitini, Ndau au Matondoni kuona kama sura hizo hizo hazipatikani kwa watu wasiodai Uchina wowote. Ushahidi unaokusanywa kwa kuchagua unaoafiki na kuupita usioafiki hauwezi kushindwa, na kwa sababu hauwezi kushindwa, kushinda kwake hakuna uzito.

Inabaki DNA, ambayo kwa msomaji wa leo ina haiba zaidi kuliko kigae na sarafu. Wataalamu wa utafiti hutofautisha sifa mbili za kipimo ambazo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Uthabiti ni hali ya kipimo kutoa jibu lile lile kila kinaporudiwa katika mazingira yale yale. Uhalali ni hali ya kipimo kupima kile hasa ambacho mtumiaji anadai kukipima, na kulihalalisha hitimisho linalotolewa. Mizani ya muuza samaki inayoongeza robo kilo kila siku ni thabiti na inadhulumu, na hata ikirekebishwa ikawa sawa kabisa haitamwambia mnunuzi kama changu aliyewekwa juu yake alivuliwa leo au juzi. Uhalali, basi, haukai ndani ya mashine. Unakaa katika uhusiano wa mambo matatu, yaani swali lililoulizwa, kitu kilichopimwa, na kauli iliyotolewa baada ya kupima, na maabara yenye mashine bora kuliko zote inaweza kutoa jibu lisilo na doa kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Lamu ina hazina yake ya kufikiria jambo hili, ya zamani kuliko maabara. Mwanafunzi wa elimu ya hadithi, katika darsa za mji ule ambao Habib Swaleh aliujengea Msikiti wa Riyadha, hufundishwa kwamba hadithi haihesabiwi kuwa sahihi mpaka itimize masharti matano: sanadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi, iwe imeungana bila pengo, wapokezi wawe waadilifu, wawe madhubuti katika kuhifadhi, mapokezi yasipingane na ya walio madhubuti zaidi, na isiwepo illa, kasoro iliyofichika ambayo mtu wa juujuu haioni kwa kuwa kwa nje kila kitu kimekaa sawa. Taarifa ya 2005 ikiwekwa mbele ya masharti hayo, hata la kwanza hailivuki. Ilienea kwa vyombo vya habari, na katika taarifa hizo msomaji haambiwi ni sehemu gani ya DNA iliyosomwa, ililinganishwa na watu gani, wangapi, na uwezekano wa matokeo hayo kutokea kwa njia nyingine ulikuwa kiasi gani. Mpokezi wa mwisho anajulikana, wa kwanza hajulikani, na katikati pana pengo. Mwanachuoni wa zamani asingesema kwamba habari hiyo ni ya uongo. Angesema kwamba ni dhaifu, na angeeleza kwa nini haijengewi hukumu.

Illa yenyewe inaonekana pale inapoulizwa ni DNA ipi. Ndani ya seli mna viungo vidogo viitwavyo mitokondria, vyenye DNA yao wenyewe ambayo mtoto hurithi kwa mama peke yake. Na mna kromosomu Y, ambayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume na kuishia hapo. Sasa masimulizi ya Siyu yanazungumzia wanaume waliotoka baharini na kuoa wanawake wa kisiwani. Ikiwa kilichosomwa ni mitokondria, basi hata kingeonyesha asili ya China kwa yakini kabisa, kingekuwa kimeyapinga masimulizi badala ya kuyathibitisha, kwa sababu DNA hiyo haiwezi kutoka kwa baharia mwanamume. Ingemlazimu mtafiti amtafute bibi wa Kichina ambaye habari hazimtaji. Ikiwa kilichotakiwa ni kromosomu Y, msichana hanayo, na aliyestahili kupimwa ni baba au kaka yake, tena iwapo tu uzao wa baharia umepita kwa wanaume watupu bila kukatika.

Ipo njia ya tatu, ya kusoma DNA yote inayobaki, ile inayochangiwa na wazazi wote wawili. Njia hii ina hesabu yake isiyokwepeka. Miaka 600, kwa kukadiria miaka 30 kwa kizazi, ni vizazi 20, na kila kizazi kinarudufu idadi ya nafasi za mababu, kwa hiyo katika kizazi cha ishirini kwenda nyuma kila mtu ana nafasi 1,048,576. DNA hairithiwi kama maji yanayogawika bila kikomo. Hukatwa vipande na kugawiwa kwa bahati nasibu, na vipande havitoshi kumfikia kila babu, hivyo wengi wa mababu wa umbali huo hawajaacha hata chembe katika mwili wa mzao wao wa kweli. Ni kweli kwamba katika kisiwa kidogo ambako binamu wameoana kwa karne nyingi, babu mmoja hujaza nafasi nyingi, na mabaharia wakiwa kumi au ishirini alama yao huweza kudumu muda mrefu zaidi. Lakini hilo ndilo linaloonyesha ugumu wa jambo: kwa mtu mmoja aliyepimwa, jibu la ndiyo lisingethibitisha merikebu ya Zheng He, na jibu la hapana lisingeikanusha. Kipimo ambacho majibu yake yote mawili yanaliacha swali pale pale lilipokuwa hakijalipima swali hilo.

Kisha kuna njia nyingine ya kufika jibu la ndiyo, ambayo wapenzi wa habari hii hawaitaji. Bukini, yaani Madagaska, ilikaliwa na watu waliovuka bahari kutoka visiwa vya kusini mashariki mwa Asia, wenye lugha za jamii moja na Kimalei, na alama za vinasaba vyao zimepatikana pia Komoro. Wafanyabiashara wa Pate na Lamu nao walikuwa wakienda kaskazini magharibi mwa Bukini kwa karne kadhaa, wakichukua mchele na watumwa, na miongoni mwa waliouzwa walikuwamo wanawake ambao waliingia katika nyumba za visiwani kama masuria na kuzaa humo. Mtu wa Siyu anaweza, kwa hiyo, kuwa na bibi wa vizazi kumi vilivyopita aliyetoka Bukini, ambaye mama wa mama zake alitoka upande wa Borneo, na kipimo kisichokuwa na sampuli za Bukini na Komoro za kulinganisha kitamsoma kuwa ni wa Asia ya Mashariki na kuishia hapo. Hili halisemwi kama jibu mbadala lililothibitishwa. Linasemwa kwa sababu kipimo chenye kutaka kuitwa halali kinapaswa kwanza kuziziba njia nyingine za kufikia matokeo yale yale, na njia hii ilikuwa wazi kama mlango wa msikiti.

Mwenye kudhani kwamba hoja hizi zinaelekea kuyatupa masimulizi ya wazee na kuziinua maabara ameziona nusu, kwa sababu kuna kesi nyingine katika mwambao huu huu ambayo ilikwenda kinyume. Tarihi ya Kilwa, ambayo habari zake João de Barros alizichapisha Lisbon mwaka 1552, inasema kwamba watawala wa kwanza walikuja kutoka Shirazi, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 wataalamu wengi waliichukulia habari hiyo kuwa ni ya kujitafutia utukufu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Esther Brielle, Kusimba, David Reich na wenzao juu ya DNA ya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani kati ya 1250 na 1800 na katika mji mmoja wa bara baada ya 1650. Manda na Faza, vyote vya visiwa vya Lamu, vilikuwamo. Kwa wengi wa watu wa miji ya pwani zaidi ya nusu ya DNA ilitoka kwa mababu wa Kiafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na kati ya hiyo asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Uajemi. Mchanganyiko ulianza kufikia karibu mwaka 1000, na baada ya 1500 asili ya Uarabuni ikaongezeka.

Kinachovutia hapa kuliko tarakimu ni umbo la hoja. Masimulizi ya Washirazi yalikuwa yamejifunga: yanataja wanaume, yanataja Uajemi, na yanaelekeza kwenye kipindi maalumu, kwa hiyo yangeweza kuumbuka. Mitokondria ingeweza kuwa ya Kiajemi, kromosomu Y ingeweza kuwa ya Kiafrika tupu, na mchanganyiko ungeweza kuwa wa karne ya 18. Hayakuumbuka, na mifupa iliyosomwa ilikuwa ya watu wa zama za miji yenyewe, si ya wazao wao wa leo. Hata hivyo watafiti wale hawakuthibitisha kila neno la Tarihi. Ndugu ambao Tarihi inasema waligawana pwani kwa merikebu zao bado ni wa kusimuliwa. Isitoshe, waliozikwa karibu na misikiti na katika makaburi ya mawe walikuwa watu wenye nafasi, na DNA yao haiwasemei wavuvi, wakulima wala watumwa wa miji ile. China haimo miongoni mwa asili kuu zilizotajwa, na jambo hilo nalo lisitumiwe vibaya: makaburi ya Manda na Faza hayakupimwa ili kulijibu swali la Shanga.

Kuhusu masimulizi ya Siyu yenyewe, ushahidi wake wenye uzito zaidi ungekuwa wa maandishi, yaani kuonyesha kwamba yalisimuliwa hivyo hivyo kabla ya wageni kuanza kuyaulizia. Wafamau, ukoo wa Siyu unaohusishwa na watu waliookoka baharini, wamewahi kuhusishwa na Wareno pia, na hilo halishangazi. Kumbukumbu ya kwamba wazee walitoka majini inaweza kuwa ya kweli na ya kale, huku taifa la wazee hao likijazwa upya kila zama na yule ambaye meli zake ndizo kubwa kwa wakati huo. Na meli kubwa za leo zinajulikana ni za nani. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021, ilijengwa na kampuni ya China, na habari ya undugu wa miaka 600 inazifaa serikali mbili zinazotia saini mikataba. Kufaa huko hakuigeuzi habari kuwa ya uongo, ila kunaongeza deni la anayeithibitisha.

Visiwa hivi, kwa bahati njema, vimewahi kuona hoja ya namna hii ikisikilizwa mpaka mwisho. Mnamo 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilibatilisha leseni iliyotolewa kwa kampuni ya Amu Power ya kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi chini ya shirika la Save Lamu. Kampuni ilikuwa na ripoti nene ya tathmini ya mazingira, na ilikuwa na mikutano ya kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa. Mikutano ilifanyika kweli. Lakini mikutano ya utangulizi, iliyofanywa kabla ya tathmini kukamilika, haikuweza kuhesabiwa kuwa ni ushirikishwaji juu ya matokeo ambayo watu hawakuwa wameyaona. Orodha ya waliohudhuria ilikuwa ushahidi wa kuhudhuria. Mawakili waliokuwa wakiidai ithibitishe ridhaa walikuwa wakifanya lile lile linalofanywa na anayeidai sarafu ya Manda ithibitishe nasaba.

Kipimo halali cha dai la Siyu kinawezekana, nacho hakihitaji miujiza. Kingeanza kwa kuchukua sampuli za wanaume wa ukoo husika pamoja na za koo zisizodai Uchina, za kisiwani, Komoro na Bukini, na kuzisoma bila ya msomaji kujua ipi ni ya nani. Kingetafuta kromosomu Y za aina zinazopatikana kusini na mashariki mwa China na zisizopatikana Bukini, na kukadiria ziliachana na za huko lini. Kingeongeza mifupa ya makaburi ya kale ya Siyu, kwa idhini ya wenye makaburi, iliyopimwa umri kwa kaboni. Na baharini kingeendelea kuitafuta merikebu yenyewe, kwa kuwa mbao, nanga na vyombo vya kupikia vya mabaharia ni vitu ambavyo havibadilishanwi sokoni kama bakuli. Kabla ya yote hayo yangeandikwa, kwa Kiswahili, mbele ya wazee wa Siyu na mbele ya atakayetoa fedha, matokeo ambayo pande zote zimekubaliana kuyahesabu kuwa ni jibu la hapana.